Lori Lililozama Mtoni

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaujua Mto Mara, upitao kati ya wilaya za Tarime na Serengeti. Chimbuko lake ni misitu ya Mau katika Kenya, nao huingia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo waweza kufurika hata siku ambayo kwetu hakuna wingu. Vijito vyake navyo hujaa ghafula wakati wa masika, na dereva mwenye haraka huzamisha lori mpaka juu ya magurudumu.

Lakini hasara kubwa huja baadaye. Mwaka jana lori la baba mdogo wangu lilivutwa kutoka kijitoni likiwa na mahindi. Injini ilikuwa salama, basi akaliwasha akaenda zake. Wiki ya tatu difu likaanza kulia mlimani, kisha meno yakakatika. Fundi alipolifungua, ilitoka oili nyeupe kama uji, yenye vipande vya chuma. Fedha zote za mahindi zikanunua difu jingine, na taniboi akakaa bila kazi.

Maji yaliingiaje katika chuma kilichofungwa? Lori likienda, giaboksi na difu hupata moto; hewa ya ndani hutanuka, na nyingine hutoka katika tundu dogo la kupumulia. Chuma kikitumbukia ghafula katika maji baridi, hewa iliyobaki husinyaa na kuvuta maji kwa tundu lile lile, na kwa sili zilizochakaa. Ndiyo kanuni tuliyofundishwa katika Fizikia.

Basi yafaa kufanya hivi:

Kwanza, injini isiwashwe mpaka ihakikishwe kuwa silinda hazina maji. Maji hayashindiliki kama hewa, nayo huweza kupinda vyuma.

Pili, lori lilale usiku mmoja mahali tambarare. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatashuka chini. Asubuhi fungua nati ya kumwagia iliyo chini ya difu. Maji yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa haifai tena. Fanya vivyo hivyo kwa giaboksi.

Tatu, tia oili mpya, endesha polepole mwendo mfupi bila mzigo, kisha imwage. Ikiwa ingali na weupe, rudia.

Nne, fungua magurudumu, osha beringi kwa mafuta ya taa, zikauke, ndipo utie grisi mpya. Maungo ya propela yapigwe grisi mpaka ile ya zamani itoke. Safisha breki, na zibua tundu la kupumulia lisibaki na tope.

Oili ya kumwaga mara mbili ni ghali, hilo sikatai. Lakini baba mdogo angeinunua kwa magunia machache, na mengine yangebaki yake. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.