Pima Upepo wa Bukhayo Kabla ya Kuchonga Mapanga

Fundi wa Bukhayo hakosi vifaa vya kuundia mtambo mdogo wa upepo bustanini. Kuanzia Nambale hadi Matayos, na mpakani Busia na Malaba ambako baiskeli zilibeba abiria na magunia miaka mingi kabla ya pikipiki kuzipokonya kazi, habu, beringi na fremu kuukuu zimejaa, na mchomeleaji hayuko mbali. Paipu nene ya plastiki ikipasuliwa kwa urefu na kuchongwa hutoa mapanga matatu mazuri. Kinachotiliwa shaka ni upepo wenyewe. Wengi hujenga kwanza, kisha wakakaa kuusubiri.

Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nane. Ikipungua nusu, hubaki thumuni. Ndiyo maana mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilisimamishwa Loiyangalani, Marsabit, ambako upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, wala si huku magharibi ambako huvuma kwa upole. Chukua mapanga yanayozunguka duara la kipenyo cha mita 2. Upepo wa mita 3 kwa sekunde huyaletea wati kama 45, na mtambo wa nyumbani ukinasa robo yake umejitahidi: wati 11, yaani taa mbili za LED na simu moja ya kuchaji. Anayeahidiwa friji kwa mtambo huo anadanganywa, na huenda pesa anazotoa ni karo ya mtoto.

Altaneta ya gari nayo imewaponza wengi. Huanza kuchaji ikizunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, ilhali mapanga hayo, kwenye upepo wa mita 4, huzunguka kama mara 200. Afadhali sumaku za kudumu zipite mbele ya koili za nyaya za shaba, kama afundishavyo Hugh Piggott wa Scotland, ambaye michoro yake imefuatwa na mafundi wa nchi nyingi.

Atakayepinga atamtaja William Kamkwamba, kijana wa Wimbe nchini Malawi aliyeunda mtambo wake kwa fremu ya baiskeli na dinamo. Kazi yake inastahili heshima yote iliyopata. Lakini mtambo ule uliwasha taa nne na redio mbili, na familia isiyokuwa na umeme iliona tofauti kubwa. Aliupa upepo kazi uliyoiweza. Mwingine atasema kwamba kabla ya mvua Busia hupigwa na upepo mkali. Ni kweli, ila ni wa dakika chache, na dakika hizo ndizo zinazovunja mapanga mkia wa mtambo usipoweza kujikunja na kuyageuza pembeni.

Basi simamisha mlingoti kwanza, upite miti na mapaa kwa mita kadhaa, ufunge kipima upepo, na usome asubuhi na alasiri, kiangazi na masika. Asiye na kifaa autazame mwembe: majani yakichezacheza huku vitawi vimetulia, upepo haujazidi mita 3. Hali ikiwa hiyo siku nyingi, paneli ya sola ya wati 50 na betri vitakufaa zaidi, hata usiku, na mlingoti utabeba taa ya uani.