Nani Akabidhiwe Funguo za Programu Huria?

Katika visiwa vyetu hakuna asiyejua kwamba nahodha wa jahazi hakuzaliwa nahodha. Kwanza alifua maji ngamani, akajifunza kukunja tanga na kuusoma upepo, na mwisho ndipo wenziwe walipomwamini usukani. Leo tunapenda kulizungumza jambo ambalo kwa sura ni geni, lakini kwa asili ni lile lile: ni njia gani inayomfanya mtu astahili kuongoza katika kazi ya programu huria za kompyuta?

Programu huria ni zile ambazo maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Wasidhani maofisa wetu kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Mfumo wa DHIS2, ambao kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ni programu huria, nao hutumika kukusanya takwimu za afya Bara na Visiwani. Sehemu kubwa ya kompyuta zinazoendesha intaneti hutumia Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Kwa hiyo anayeshika funguo za programu hizi ameshika, kwa kiasi fulani, funguo za ofisi zetu pia.

Funguo zenyewe ni nini? Mtu yeyote anaweza kupeleka rekebisho alilolitengeneza. Lakini kulikubali rekebisho hilo na kulitia ndani ya programu ni haki ya wachache, na hao ndio viongozi. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, wala hakuna serikali iliyowateua. Basi hupatikanaje?

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Msemo huu ndio msingi wa jumuiya ya Apache, iliyoanza na watu wanane mwaka 1995 na kuwa taasisi kamili mwaka 1999. Huko mchangiaji hupeleka kazi yake mbele ya macho ya wote. Kazi ikionekana ni njema na ya kudumu, waliomtangulia humpigia kura na kumpa haki ya kuandika yeye mwenyewe. Akiendelea vyema huitwa katika kamati inayousimamia mradi. Kila mmoja huingia kwa nafsi yake, si kwa jina la kampuni inayomwajiri. Akihama kazi, heshima aliyoichuma huhama naye.

Jumuiya ya Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilikwenda mbele zaidi ikajiandikia katiba mwaka 1998. Anayetaka uanachama hutafuta wanachama wa kumshuhudia, huthibitisha yeye ni nani, na ujuzi wake hupimwa. Kiongozi huchaguliwa kwa kura kila mwaka, na katika karatasi ya kura mna nafasi ya kusema kwamba hafai hata mmoja kati ya wagombea. Mwaka 2010 wanachama waliamua pia kuwapokea kwa haki sawa wale ambao kazi yao si kutengeneza programu, kama vile wafasiri na waandishi wa miongozo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa. Programu isiyo na mwongozo ni jahazi lisilo na ngazi: walioko ndani wamestarehe, na walioko majini hawana pa kupandia.

Wapo wasemao kwamba kura na kamati ni kupoteza wakati. Kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa miaka mingi lugha ya kompyuta iitwayo Python iliongozwa na mwasisi wake, Guido van Rossum, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na mradi ulistawi mikononi mwake. Lakini mwezi Julai 2018, baada ya mabishano makali, alichoka akang'atuka, wala hakumtaja mrithi. Wenziwe walilazimika kuanza kujadiliana juu ya kanuni za uongozi wakati kiti kimekwisha kuwa wazi. Mwanzoni mwa 2019 walichagua baraza la watu watano, wakaweka sharti kwamba wasizidi wawili walioajiriwa na mwajiri mmoja, na kwamba theluthi mbili ya kura zaweza kuwaondoa. Tangu hapo chombo kina nahodha watano, na mrama hakikwenda.

Hata hivyo, kazi njema peke yake haitoshi kuwa kipimo, na ushahidi wake ni wa mwaka 2024. Iko programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo katika kompyuta nyingi zitumiazo Linux. Aliyeitunza kwa miaka mingi alikuwa mtu mmoja, akijitolea. Tangu 2021 alijitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole na mchapakazi. Watu wengine wasiojulikana wakamsakama mtunzaji kwamba anachelewesha kazi, akabidhi madaraka. Msaidizi akapewa funguo. Na baada ya zaidi ya miaka miwili ya utumishi mwema akaingiza ndani ya programu mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Bahati njema, mhandisi Andres Freund aliona kompyuta yake inachelewa kwa takriban nusu sekunde tu, akachunguza, akaufichua uovu huo mwezi Machi 2024 kabla haujaenea. Hakika kikulacho ki nguoni mwako.

Tunayojifunza ni haya. Uongozi upatikane kwa kazi inayoonekana, na kazi ya mfasiri na ya mwalimu nayo ihesabiwe. Kanuni za kupanda na za kushuka ziandikwe mapema, wakati watu wangali wanapatana. Na funguo zisiachwe kwa mtu mmoja aliyechoka, kwani aliyelemewa na mzigo humshukuru yeyote anayejitolea kumtua, bila ya kumtazama usoni.

Maofisa wetu nao wana wajibu. Idara inayotumia programu huria bila ya kurudisha chochote haina haki ya kulalamika ikiwa haina sauti. Kijana wa idara ya takwimu anapogundua kasoro na kuirekebisha, apewe saa za kazi za kuipeleka kwa wenye mradi. Anayefasiri maelezo kwa Kiswahili, kazi hiyo iandikwe katika taarifa yake ya mwaka. Katika mambo haya hakuna balozi wa kwenda kutuombea kiti. Vijana wetu wataingia katika mabaraza hayo kwa mlango ule ule walioingilia wengine, nao uko wazi. Kinachohitajika ni wakuu wa idara kuwapa nafasi ya kuuendea.