Bangili ya Dishi na County: Jinsi Inavyofanya Kazi

Wazazi wa Kibera na Kawangware huuliza maswali matatu kuhusu bangili ambayo watoto hutumia kulipia chakula cha mchana shuleni. Je, pesa zimo ndani yake? Je, inamfuatilia mtoto? Ikipotea, pesa nazo zimepotea?

Mpango wa Dishi na County ulianza mwaka wa 2023 kwa ushirikiano wa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na shirika la Food4Education. Unahudumia shule za msingi na vituo vya chekechea vya umma. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa kila mlo, yaani shilingi 25 kwa wiki ya siku tano. Gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake.

Ndani ya bangili

Kuna chipu ndogo na waya mwembamba unaonasa mawimbi ya redio. Hakuna betri. Mtoto anapoigusisha kwenye mashine ya mhudumu, mawimbi ya mashine huipa chipu nguvu ya kutuma namba yake. Akaunti yenye namba hiyo hukatwa shilingi 5, na mtoto anapewa sahani yake.

Kwa hivyo pesa haziko mkononi mwa mtoto. Ziko kwenye akaunti ambayo mzazi huijaza kwa M-Pesa. Bangili ikipotea, kilichopotea ni ufunguo tu.

Wala bangili haiwezi kueleza mtoto yuko wapi. Husomwa ikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye mashine.

Inatoka viwandani

Teknolojia hii ni jamaa ya ile inayotumiwa viwandani na kwenye maghala. Msimbo wa mistari wa dukani lazima uonekane na usomwe mmoja mmoja. Lebo za redio za kwenye katoni husomwa nyingi kwa pamoja, hata zikiwa zimefichika, hivyo mwenye kiwanda anajua kilichoingia, kilichotoka na kilichopungua.

Shuleni faida ni hiyo hiyo. Kila mguso huhesabu sahani moja. Hesabu hiyo husaidia jiko kujua wali na maharagwe ya kupika, ili chakula kisimwagwe wala mtoto wa mwisho kwenye foleni asikose.

Mzazi, kumbuka

- Angalia salio kabla ya Jumatatu.
- Bangili ikipotea au ikiharibika, mjulishe mwalimu siku hiyo hiyo.
- Usimpe mtu mwingine PIN yako ya M-Pesa. Kumjazia mtoto akaunti hakuhitaji mtu mwingine aijue.
- Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto hushughulikiwa kwa idhini ya mzazi au mlezi. Una haki ya kuuliza ni taarifa gani zinazohifadhiwa na zinatumiwa kwa kazi gani.