Mti Hauendi ila kwa Nyenzo

Anayetaka kujua umri wa makazi katika vijiji vya Gitting, Wilaya ya Hanang, na aitazame miti iliyosimama kando ya nyumba. Huko, chini ya Mlima Hanang, upepo una nguvu na baridi ni kali. Mkaratusi ulipandwa ili kukinga upepo na kutoa nguzo na kuni. Mgrevilea ukapandwa mpakani ili kutoa kivuli na mbao. Miche mingi ya aina hiyo, huko Hanang na kwingineko nchini, iliwekwa ardhini baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, na mingine baada ya kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Aliyepanda alikuwa kijana mwenye nguvu. Leo ni mzee, au amekwisha kutangulia mbele ya haki, na mti wake umeinama juu ya paa la mjane wake.

Habari ya mti huo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, maana tumezoea kuusifu mti unaopandwa na kumlaumu anayeukata, lakini hatujaamua ni nani abebe mzigo wa mti uliozeeka na kugeuka hatari.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini jambo hili ni zito. Mkaratusi uliosimama uwandani ni mali: mnunuzi wa mbao huja na msumeno wake, huuangusha, na humlipa mwenyewe. Lakini mkaratusi uleule ukiwa hatua tano kutoka ukutani, mambo hubadilika. Hauwezi kuangushwa kwa mkupuo mmoja. Hapana budi fundi apande juu na kamba, akate tawi baada ya tawi, kisha ateremshe shina vipande vipande. Mbao ndefu haipatikani tena, na mara nyingi moyo wa mti umekwisha kuoza. Hapo mnunuzi hageuki kutazama, na mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kulipa. Mwenye uwezo hulipa. Asiye na uwezo husikiliza upepo usiku kucha, na mvua ikianza huwahamishia watoto chumba cha upande wa pili.

Wala ukataji si suala la fedha peke yake. Katika halmashauri nyingi, mwananchi hatakiwi kukata mti, hata ule alioupanda mwenyewe, pasipo kibali. Utaratibu huo una maana yake, nasi hatuupingi, kwani bila huo vilima vyetu vingekwisha kuwa vipara. Lakini mara nyingi afisa anayekagua mti na kukiri kwamba ni wa hatari humkabidhi mwenye nyumba karatasi, kisha akaenda zake. Karatasi haipandi mti. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ndiyo inayokosekana.

Watu wa Hanang hawahitaji kufundishwa maana ya hatari iliyoning'inia juu ya nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu wa mvua za El Nino, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Taifa zima lilisimama pamoja nao. Jeshi lilikuja, misaada ikakusanywa, na baadaye makazi mapya yakajengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza nyumba zao. Hiyo ilikuwa kazi njema, na historia itaikumbuka. Lakini ilitufunulia pia tabia yetu: nyumba ikishaanguka hatukosi fedha, nyumba inapongoja kuanguka hatuna kifungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hauna bei rahisi.

Maafa hayo yana somo la pili, ambalo halina budi kusemwa mapema ili maneno yetu yasipotoshwe. Mizizi ya miti ndiyo inayoshika udongo wa mteremko. Kwa hiyo hatusemi kwamba miti ya Gitting ifyekwe. Mti wa hatari uliopo mteremkoni ukatwe shina tu, kisiki na mizizi vibaki ardhini, na mipya ipandwe kabla ya ile mizizi kuoza. Tena, mti mpya uwekwe mbali na nyumba kuliko urefu utakaoufikia ukikomaa. Laiti kanuni hiyo nyepesi ingalifundishwa miaka ya 1970, leo tusingekuwa na makala hii.

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wakauliza: Mlima Hanang una nini na sisi? Tunawajibu kwamba upepo hauna kabila wala bara. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Mapema mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mnazi mrefu uliochoka, uliopandwa na babu karibu na jiko, au mwembe mkongwe ulioachwa kati ya nyumba za mtaa uliosongamana, hauna tofauti na mkaratusi wa Gitting. Kinachotofautiana ni jina la mti tu. Hofu ya aliyelala chini yake ni moja.

Je, ni halali fedha ya umma itumike kwa mti wa mtu binafsi? Wapo viongozi watakaosema kwamba Serikali haiwezi kumkatia kila mwananchi mti wake. Wanasema kweli. Lakini hatuzungumzi habari ya kila mwananchi wala kila mti. Tunazungumzia mti uliokaguliwa na mtaalamu, ambao ukianguka utaipiga nyumba au njia ipitayo watu, na ambao mwenyewe hana uwezo wa kuuondoa. Mti wa namna hiyo umekwisha kutoka katika shughuli za mtu mmoja. Tena tusisahau ni nani aliyehimiza upandwe. Hadi miaka ya karibuni, kila halmashauri imekuwa ikipewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Anayehimiza kupanda kwa mamilioni hana budi kuwa na neno kwa ile michache itakayogeuka hatari. Mzazi hahesabu siku ya kuzaliwa peke yake.

Wengine wamekwisha kulitambua hilo. Nchini Marekani, mdudu mdogo wa kijani mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa huko mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti, mingi ikiwa nyuani mwa watu. Katika mji wa Minneapolis, wenye nyumba walikuwa wakiamriwa kuiondoa miti hiyo kwa gharama zao, na asiyelipa alikuta deni limepachikwa kwenye kodi ya nyumba yake. Maskini wakalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kosa la mdudu. Mwaka 2023 mamlaka ya bustani ya mji huo ilipata ruzuku ya dola milioni 8 kutoka serikali kuu, ili kusaidia uondoaji wa miti hiyo katika maeneo ya watu wa kipato cha chini. Hatuna dola za Minneapolis, wala hatuna haja ya kuziota. Tunachokichukua kwao ni ile kanuni: amri ya kuondoa hatari iende pamoja na msaada kwa asiyejiweza.

Nyenzo za kufanyia kazi hiyo hapa kwetu zipo, ila zimetawanyika. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umekwisha kuandikisha kaya maskini. Hakuna haja ya kuanza kuulizana upya nani hana uwezo. Sheria imekwisha kuzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikikopeshwa msumeno wa mnyororo, kamba, kofia ngumu na mafunzo, kitaifanya kazi hiyo kama ajira, na halmashauri itakilipa kwa kila mti uliokaguliwa. Kuni na magogo yatakayopatikana yabaki kwa mwenye nyumba, au yauzwe yapunguze gharama. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, huku Bara, imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Kamati hizo zisingoje mawingu. Ziipitie miti kabla ya masika na kabla ya vuli, zikitazama dalili ambazo hata mtoto wa shule aweza kuonyeshwa: mti ulioinama huku udongo wa upande mmoja umeinuka, uyoga kwenye kitako cha shina, ufa au uwazi ndani ya shina, matawi makavu juu, na mizizi iliyokatwa wakati wa kuchimba msingi wa nyumba.

Ombi letu basi si kubwa. Mabaraza ya madiwani, yanapokaa kupanga bajeti ya mwaka unaoanza Julai, yaandike kifungu kimoja cha kuondoa miti ya hatari kwenye nyumba za wasiojiweza. Kiwe kidogo kwanza, kijaribiwe kata moja au mbili, na Gitting ingefaa kuwa miongoni mwa za mwanzo. Wenzetu wa Visiwani walipime jambo hilo shehia kwa shehia. Na kwa kila mti mmoja utakaoshushwa, miwili ipandwe mahali panapostahili.

Yule mjane aliye chini ya mkaratusi hadai nyumba mpya. Anaomba aliyonayo isivunjwe na mti alioupanda mumewe kwa kuitikia wito wa nchi. Akisaidiwa leo, gharama ni kamba, msumeno na siku moja ya kazi ya vijana. Akingojewa hadi upepo uamue, tutakwenda kwake na rambirambi.