Shotigani ya Pampu: Gani Inakufaa, na Je, Unaruhusiwa Hata Kuishika?

Ile sauti ya chak-chak unaijua. Umeiskia kwa muvi za DJ Afro, umeiskia kwa gemu ya simu, na kama umekulia mashamba makubwa ya upande wa Kitale, labda umeiskia live mbuyu akicheki chuma yake. Swali huja hapo: kati ya hizi za pampu, gani ndio mambo yote?

Tuanze na vile inafanya. Ukipiga, unavuta mkono wa mbele nyuma, ganda linaruka nje. Ukisukuma mbele, risasi nyingine inaingia kutoka kwa ile tyubu iko chini ya mtutu. Hakuna kitu inajifanyia yenyewe, ni misuli yako. Ndio maana inavumilia vumbi na risasi za kila aina, na huwa bei ya chini kuliko zile za kujipakia zenyewe. Ubaya ni mse akipanic. Anavuta nusu, inakwama, na anabaki ameshika bomba tu.

Majina mawili ndio hupigiwa kelele. Remington 870 ilianza 1950 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 11. Mwili wake ni chuma, so ni mzito, na kile kitufe cha usalama kiko nyuma ya triga, kimewekwa kwa hesabu ya mtu wa mkono wa kulia. Mossberg 500 mwili wake ni alumini, ni nyepesi, na usalama uko juu, mahali kidole gumba kinafika bila kutafuta. Kama wewe ni mashoto, hiyo ndio yako. Maverick 88 ni ndugu yake wa bei nafuu, lakini usalama wamerudisha pale kwa triga. Kuna pia Ithaca 37, inatoa maganda kwa tumbo badala ya ubavuni. Mashoto wanaipenda sana.

Usidanganyike na wepesi, though. Bunduki nyepesi hupiga bega vibaya zaidi. Na namba pia hukoroga watu: geji 12 ni kubwa kuliko geji 20. Namba ni hesabu ya gololi za risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotoka kwa ratili moja ya madini hayo. Gololi zikiwa chache, kila moja ni kubwa. Mtu wa mwili mdogo atapiga poa zaidi na 20 kuliko kuteswa na 12.

Lakini ukiniuliza, brandi ni ya mwisho. Cha kwanza ni kitako. Kikiwa kirefu kuliko mkono wako, utakuwa unajinyoosha kufikia triga na bega litalia. Nyingi zimetengenezwa kwa jamaa mrefu, na mathe wa futi tano akipewa ya mzee anateseka bure.

Sasa, Kenya. Hapa huingii duka na doh ukatoka na chuma. Firearms Act inataka cheti kutoka Firearms Licensing Board, na lazima uwe na sababu ya maana. Kuwinda si sababu, kulipigwa marufuku 1977. Hata nyani wakimaliza mahindi yenu huko chini ya Mlima Elgon, hiyo ni simu ya KWS, si ya bunduki. Watakuchunguza rekodi na kichwa pia. Mlevi sugu hapewi. Mwisho wa 2018 serikali iliita wenye bunduki wote wakaguliwe upya, hata wale walikuwa nazo kitambo.

Na hapa ndio wengi hupatikana. Cheti kina jina la mtu mmoja. Mbuyu akiaga, ng'ombe mtagawana, shamba mtagombania, lakini ile shotigani chini ya kitanda haijawa yako. Siku karao wakiipata kwako bila cheti chako, sheria inasema miaka 5 hadi 10 ndani. Kusema "ni ya marehemu" haibadilishi jina kwa karatasi. Na hii ni mkoa wenye watu bado wanakumbuka SLDF na ile operesheni ya jeshi ya 2008, so usitarajie mtu wa kituo acheke na wewe.

Kwa hivyo kama iko kwenu sahi na mwenyewe hayuko, usiiguse kujaribu kama inafanya, na usiipakie kwa gunia uingie nayo matatu ya Bungoma. Acha ilipo, funga hiyo chumba, watoto wasiingie. Tafuta cheti chake na kibali cha mazishi, enda kituo cha polisi mkono mtupu na mtu mzima wa familia, waeleze, waje waichukue wenyewe. Hesabuni risasi pamoja, kila moja, hata zile za kwa kikopo. Ukiitaka baadaye, omba cheti kwa jina lako ikiwa bado iko kwao. Na kabla utoke hapo kituoni, hakikisha wameandika namba ya bunduki kwa OB, na wewe umeondoka na hiyo namba ya OB kwa simu yako.