Saa za Kuingojea Kompaila

Mtu aliyeazimia kujijengea mfumo wa Linux kutoka katika msimbo wake wa asili, asiridhike kupakuliwa kilichokwisha pikwa na wengine, hujikuta siku ya kwanza ameketi mbele ya skrini nyeusi ambayo maandishi yake yapita kwa kasi isiyosomeka, naye hana la kufanya ila kunywa kahawa na kusubiri. Watu wa Linux From Scratch, mradi alioanzisha Gerard Beekmans mwaka 1999, waliizoea subira hiyo hata wakaibunia kipimo: muda ambao kompyuta yako hutumia kujenga kifurushi cha kwanza, Binutils, huhesabiwa kuwa moja, na vinavyofuata vyote hupimwa kwa huo, maana dakika ya mashine mpya si dakika ya mashine kuukuu.

Katika kazi hiyo kompaila ya GCC hujengwa mara tatu: ya kwanza kwa zana za kuazima katika mfumo uliopo, ya pili kwa msaada wa ile ya kwanza, na ya tatu ndani ya mfumo mpya wenyewe, ili pasisalie athari ya mwenyeji aliyetukirimu zana zake. Mwenye papara huona kurudia huku kuwa ni israfu.

Dawa ya kusubiri inayomjia kila mtu upesi ni kuongeza mikono. Programu ya make, ambayo Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976 baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akiwinda kosa alilokwisha lisahihisha, kumbe faili haikujengwa upya, hutazama saa ya kila faili na kujenga zile tu zilizobadilika pamoja na zinazozitegemea. Nasi leo twaiamuru ifanye kazi nane kwa wakati mmoja, nayo yatii. Lakini Gene Amdahl alikwisha tutahadharisha tangu 1967: fungu moja katika kumi la kazi likiwa haligawanyiki, hata ukileta vichakataji elfu, kasi yako haitafika mara kumi ya ile ya awali.

Na fungu hilo lisilogawanyika, kwa niliyoyaona, aghlabu si kompaila, bali ni hati iitwayo configure, ambayo kabla ya lolote huihoji mashine swali baada ya swali, je, namba ya aina hii ina baiti ngapi, je, maktaba fulani ipo, na kifurushi cha pili kikija huyauliza yale yale kana kwamba hakuna aliyejibu. Mafundi wa jahazi watanielewa: wapiga kalafati waweza kuwa kumi, lakini mkuku ni mmoja, nao hulazwa kwanza.

Iko pia ccache ya Andrew Tridgell, inayoweka akiba matokeo ya ujenzi uliopita na kuyarudisha msimbo na amri zikiwa ni zile zile. Kwa mwenye kujenga na kujenga tena, hiyo ni neema kubwa. Ila kwa anayeanza na mfumo mtupu haina faraja, kwa kuwa mara ya kwanza ghala halina kitu, na kompaila ikibadilika, nayo hapa yabadilika mara tatu, akiba yote huhesabiwa batili.

Nafuu niliyoipata mimi ilikuwa katika kutojenga. Kerneli ya wasambazaji hubeba viendeshi vya maelfu ya vifaa ambavyo hutavimiliki maisha yako yote, na amri ya localmodconfig huvipunguza vikabaki vile vinavyotumika saa hiyo. Hadhari tu uchomeke kila kifaa kabla ya kuiita, kwani mimi niliisahau kamera, nikajenga mara mbili.

Yalisalia majaribio ya GCC, ambayo huchukua muda mrefu kuliko ujenzi wake, na ambayo kitabu cha mradi huyahesabu kuwa muhimu. Niliyaacha usiku kucha, feni ikivuma, na asubuhi nikakuta machache yameshindwa. Nikafungua kitabu, nikayakuta yametajwa humo kuwa ndiyo kawaida yake.