Parvo: ugonjwa wa mbwa uliozaliwa katika siku zetu

Mtoto wa mbwa akikataa chakula, akatapika na kuharisha damu, kisha akafa kwa siku chache, wengi wetu tunawaza sumu. Mara nyingi si sumu. Ni virusi vinavyoitwa parvo.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978, na kwa muda wa miaka miwili hivi ulikuwa umezunguka dunia. Virusi vyake ni ndugu wa karibu wa virusi vya zamani vinavyoua paka. Mabadiliko machache kwenye ganda lao yalitosha kuvifungulia mlango wa kuingia katika chembe za mbwa. Baadaye vilibadilika tena, na aina hizo mpya zinaweza kuwapata paka pia.

Virusi hivi hukaa udongoni miezi mingi. Ndiyo sababu tukileta mbwa mwingine mchanga mahali pale pale, naye anakufa. Sabuni peke yake haiviui. Tuondoe uchafu kwanza, kisha tuoshe kwa maji yenye klorini.

Chanjo ipo, lakini ile ya kichaa cha mbwa haizuii parvo. Huanza kutolewa kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa mpaka wiki ya 16, kwa maana kinga iliyotoka kwa mama inaweza kuzuia chanjo za kwanza zisifanye kazi.

Parvo ya mbwa haiambukizi watu. Hata hivyo, mbwa analinda nyumba zetu usiku, nasi tumlinde.